Siku Nilipofungwa Mikono kwa Tyubu

Keza, swali lako nimekaa nalo wiki nzima. Jumamosi iliyopita, pale nyuma ya kanisa, ulikuwa umepiga magoti ukihangaika na tairi, ukainua macho ukaniambia, "Babu, how come you just stand there like that? Like a cop." Wenzako wakacheka, nami nikacheka nao, na kabla sijajibu basi likapita na kelele zake, yakaishia hapo. Lakini uliuliza vizuri. Kila mmoja wenu akishika spana, mikono yangu inakwenda nyuma ya mgongo yenyewe, nami nasimama hivyo mpaka mmalize, hata mkikosea, hata roho ikiniuma namna gani. Mnadhani ni uzee. Ni mazoea ya kazi, na mazoea hayo yana kisa. Nakiandika kwa Kiswahili makusudi. Mkikwama waulizeni mama zenu, watafurahi kuulizwa kitu.

Mnanijua kama babu wa baiskeli, mwenye vidole vilivyopinda na kofia isiyooshwa. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi katika duka la baiskeli College Park, hapa Maryland, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilikuja kusoma, nikatafuta kibarua cha kujikimu, kibarua kikaninyang'anya masomo. Baba yangu alipopata habari aliandika kuuliza kama Marekani nzima hakuna kazi nyingine ila ile niliyoiacha Bungoma. Alikuwa na haki ya kuuliza. Kazi hii nilijifunza kwa mjomba wangu, ambaye kibanda chake kilikuwa kando ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Baiskeli za kule zilikuwa chuma kitupu, zinabeba magunia, maziwa, wagonjwa, na siku ya siku bibi harusi. Na kule mtu akiharibikiwa njiani humpiti. Unasimama, unauliza imefanyaje, unakunja suruali na kupiga magoti. Kumpita ni sawa na kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Hilo lishikeni, maana ndilo lililotaka kutuponza.

Sasa, miaka ile ya mwanzo wa tisini, mbio za baiskeli za milimani zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuwa kazi ya mtu kulipwa. Nazungumzia zile za mizunguko, mnaingia msituni, mnapanda mlima, mnashuka kwenye mizizi na mawe, mnarudi mlipoanzia, kisha mnaingia tena. Duka letu lilikuwa na timu ndogo iliyodhaminiwa na kampuni moja ya matairi, na mwishoni mwa wiki mimi nilikuwa fundi wa timu hiyo. Ndiyo miaka iliyonipa raha kuliko yote, sioni aibu kusema.

Mngeziona zile baiskeli mngenihurumia. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa chuma kigumu, na kila jiwe ulilopiga lilikuja moja kwa moja hadi kwenye meno. Zilipofika uma za kwanza zenye kunesa, ndani mlikuwa na vipande vya raba tu, na raba hizo siku ya baridi ziligoma kunesa kabisa. Tulizipasha moto ndani ya gari, mbele ya feni ya joto, huku waendeshaji wakitetemeka nje. Breki zilibana rimu kwa raba, na kwenye tope zilipiga kelele nyingi bila kusimamisha chochote. Halafu kulikuwa na rangi ya zambarau. Sijui nani aliianzisha, ila kila boliti na kila kipande cha alumini kilitengenezwa cha zambarau, na watu walilipa zaidi ili wakivunje kikiwa cha rangi hiyo. Mimi mwenyewe nina kishikilia chupa cha zambarau mpaka leo. Msikiguse.

Na hao waendeshaji wa kulipwa msidhani walikuwa wanalala hotelini. Walilala ndani ya van, miguu imetoka dirishani, na baada ya mbio walipanga foleni pale pa kuoshea magari kwa sarafu, waoshe baiskeli kwanza, kisha wajioshe wenyewe kwa kilichobaki. Nilikuwa nasimama pale nikipiga kelele mtu yeyote asielekeze maji ya presha katikati ya gurudumu. Nanyi nawaambieni hivyo hivyo. Pale katikati kuna grisi, na maji ya nguvu yanaitoa. Osheni kwa ndoo na brashi, mchukue muda wenu.

Kulikuwa na ujanja mwingine, wa mafuta ya kupikia. Ukipaka fremu mafuta kidogo chini, tope halishiki. Nilikuwa nafanya kazi hiyo usiku wa Ijumaa jikoni kwetu, Langley Park, kwa kuwa van ya timu ilikuwa inaegeshwa kwetu. Siku moja jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mama Zawadi, mama mmoja wa Bukavu tuliyekuwa tukisali naye, akafungua mlango akanikuta na chupa mkononi.

"Baba Wafula," akasema, "mafuta ya kupikia unapakala kinga? Na bibi yako anajua?"

Kinga kwao ndiyo baiskeli. Mke wangu Rose akajibu kutoka chumbani kwamba anajua, na kwamba ameshaombea jambo hilo. Tangu siku hiyo Mama Zawadi aliniletea mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki, akisema vélo, yaani hiyo hiyo kinga, haina pua. Msitu mmoja wa Virginia ulinuka sambaza, samaki wadogo wa kwao, kutwa nzima kwa sababu yake.

Aliyenifundisha kazi ya mbio aliitwa Walt. Alikuwa mzee wa Baltimore, ametengeneza injini za meli kabla ya kuja kwenye baiskeli, na ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa timu. Maneno yake yalikuwa machache na kijiti cha meno hakikumtoka mdomoni. Mbio yangu ya kwanza, mwendeshaji wetu mmoja alipata pancha mita chache kutoka tuliposimama. Sikuwaza lolote. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari umevuka utepe wa kuzuia watazamaji wakati Walt aliponidaka kwa mkanda wa suruali na kunirudisha, kwa nguvu ambayo sikudhani anayo.

Hapo ndipo nilipoelezwa sheria. Siku hizi kuna sehemu maalum ambapo fundi anaruhusiwa kubadilisha gurudumu au kumpa mtu wake vifaa, na sina ugomvi na hilo. Enzi zetu ilikuwa unachobeba ndicho ulicho nacho. Tyubu yako, pampu yako, kifaa chako cha kusukuma pini ya cheni, vyote vimefungwa kwa plasta chini ya kiti au vimo mfukoni mgongoni. Maji utapewa, tena mahali palipotengwa. Zaidi ya hapo, mtu wa nje akikugusa wewe au baiskeli yako wakati wa mbio, umetoka. Fundi kazi yake ilikwisha filimbi ilipolia. Kilichobaki ni kutazama.

"Wewe huwezi kutazama," Walt akaniambia jioni ile. Alikuwa ameniona sawasawa. Mbio iliyofuata akaja na tyubu kuukuu, akanifunga mikono nyuma mbele ya watu wote, fundo moja jepesi, akarudisha kijiti chake mdomoni. Alisema si adhabu, ni ukumbusho. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mafundi wa timu nyingine walinipiga picha.

Basi katika timu hiyo alikuwepo Denise. Ndiyo, huyo huyo Auntie Denise anayewakatia machungwa Jumamosi na kuwauliza kama mmekunywa maji. Mnamwona na mvi zake na viatu vya bustani, hamjui kwamba aliwahi kulipwa kupanda milima kwa baiskeli. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika timu. Kabla ya hapo alifua mashuka ya hospitali, kazi ya mvuke na kelele, na aliichukia mpaka basi. Kwenye mlima hakukuwa na wa kumshika. Shida ilikuwa kwenye mikono. Kitu kikivunjika alishikwa na hofu, anageuza kifaa huku na huku, anakiangusha kwenye majani, anaanza upya. Mara mbili msimu ule alitoka msituni akisukuma baiskeli, kichwa chini.

Ikabaki mbio ya mwisho ya msimu. Meneja wa timu akamweleza waziwazi, mbele yangu na Walt. Pesa za wadhamini zinapungua. Akimaliza ndani ya kumi bora, mkataba wa mwaka ujao anao. Akiwa wa kumi na moja, asante sana, na kule kwenye mashuka bado wana nafasi yake. Denise aliingia ndani ya van akakaa kwenye ndoo.

Walt akamtazama pale alipokaa, akaniambia, "Mfundishe cheni."

Tulifanyia jikoni kwetu, kila jioni baada ya kazi. Nilimpa kipande cha cheni kuukuu na kile kifaa cha pini, na Rose akamfunga macho kwa taulo la sahani. Meza ilikuwa moja. Upande huu Rose anasukuma chapati, upande ule Denise anasukuma pini. Sikilizeni na nyinyi, maana hili halijabadilika. Cheni ikikatika, toa kiungo kilichoharibika. Sukuma pini taratibu, lakini isitoke yote. Ibaki imeshika ule ukuta wa nje, kwa sababu ikitoka kabisa, kuirudisha porini ni kutia uzi kwenye sindano ukiwa ndani ya basi. Unganisha, rudisha pini. Kiungo hicho kitakuwa kigumu, kwa hiyo kikunje kushoto na kulia kwa vidole gumba mpaka kilegee. Na ukumbuke cheni sasa ni fupi, usiweke gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja, utang'oa kila kitu.

Kwa nini macho yafungwe? Kwa sababu mtu mwenye hofu haoni vizuri hata akiwa ametumbua macho. Nilitaka vidole vyake vijue kazi bila kumngoja yeye. Jioni za kwanza ilikuwa mateso kwangu. Pini ikimtoka, mkono wangu unanyanyuka wenyewe, nataka kumnyang'anya nimalizie mimi. Walt alikuwa akija kula chapati zetu, na kila mkono wangu uliponyanyuka alisema neno moja tu, mdomo umejaa: "Nyuma." Nikaupeleka nyuma. Denise akaiangusha, akaitafuta kwa kupapasa sakafuni, akaanza tena. Mama Zawadi akishuka kutoka juu alimkuta amefungwa macho, akauliza huyu mtoto amekosa nini.

Kufikia wiki ya mwisho alikuwa anaifunga cheni huku anamsimulia Rose habari za nyumbani kwao. Sasa watu wote wa ushirika wetu wakawa wanajua habari ya mkataba, na kila Jumapili anaombewa kwa jina, katika Kiswahili cha kila aina tulichokuwa nacho pale. Mwishowe wakaamua kwamba kuomba hakutoshi, waende wakaone.

Mbio ilikuwa kwenye shamba moja la milimani, magharibi kabisa mwa Maryland. Kamau, kijana wa Nyeri aliyekuwa anaendesha teksi Alexandria, alijaza gari lake akaongoza msafara. Wakafika na viti vya kukunja, thermos za chai, na sufuria ya sambusa iliyofungwa kwa kitenge. Wazungu wa kule walikuja na ndizi na biskuti za nguvu. Watu wetu walitandika mkeka kando ya mpando mgumu kuliko yote, mahali ambapo Denise angepita kila mzunguko, wakaanza kula kabla mbio hazijaanza.

Walt alitakiwa kushuka bondeni, kwenye sehemu ya kutoa maji. Akatoa ile tyubu mfukoni, akaangaza macho kutafuta mtu wa kuaminika, akampa Mama Zawadi na kumwonyesha mikono yangu.

"Mama, anasema umfunge huyu jamaa," Kamau akamtafsiria. "Fiti kabisa, asije akaruka."

Mama Zawadi hakuuliza mara mbili. Alikuwa amefanya biashara ya soko Bukavu, amefunga mizigo ya makaa tangu usichana. Alizungusha tyubu, akaweka goti mgongoni kwangu, akavuta.

"Wee," Kamau akasema, "huyu msee amefungwa kama mbuzi wa Krismasi."

Nikamweleza Mama Zawadi kwamba fundo la Walt huwa jepesi. Akasema lake ni la kazi.

Mizunguko miwili ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Denise alipita akiwa wa tisa, kisha wa nane, uso mwekundu, tope mpaka kwenye nyusi, na watu wetu walimshangilia mpaka mbwa wa shamba wakaitikia. Mzunguko wa tatu alikuja akiwa anamfukuza wa saba. Alisimama kwenye pedeli kupanda ile sehemu mbaya, na hapo, mbele yetu kabisa, mbele ya sufuria ya sambusa, cheni ikakatika. Mlio wake ni mdogo.

Akashuka. Akaikusanya cheni kwenye majani, akaiangalia kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Mwanamke mmoja akampita, kisha mwingine.

"Mungu wangu, ule mutoto," Mama Zawadi akasema, na tayari amekwisha inama kupita chini ya utepe.

Nilijitupa mbele yake kwa kifua, maana mikono sikuwa nayo. "Mama, rudi. Ukimgusa wanamtoa."

"Simuguse. Nitamushikilia kinga tu, isianguke."

"Hata kumshikia."

"Baba Wafula, mutu anateseka mbele yako na unamuangalia? Kwetu hatufanyake hivyo."

"Hata kwetu hatufanyi hivyo. Lakini ukimshikia hiyo baiskeli, Jumatatu anarudi kufua mashuka."

Akasimama katikati ya utepe, nusu ndani nusu nje. Nyuma yake Kamau na wengine walikuwa nao wamesogea, kila mmoja ana chake cha kutoa, huyu anataka kushika gurudumu, huyu ana kisu, huyu ana chai. Watu wema kabisa, na yeyote kati yao angeweza kummaliza.

"Sasa tufanye nini?" Mama Zawadi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

"Mikono nyuma," nikamwambia. "Kama mimi."

Akarudi. Akaipeleka mikono yake nyuma, akaishika yenyewe kwa nguvu. Rose akafuata, Kamau akaweka sambusa yake chini akafuata, na wote wakajipanga kando ya utepe. Kisha Mama Zawadi akaanza pambio, polepole, lile tulilokuwa tukifungulia ibada, na wengine wakampokea. Hakuna sheria iliyokataza kuimba.

Denise alikuwa amekwisha toa kifaa, lakini alikuwa anakigeuza huku na huku. Alisukuma pini, na kwa jinsi kiwiko chake kilivyokwenda nikaona anaipitisha, itatoka yote. Nilitaka kupiga kelele. Nilivuta mikono kule nyuma mpaka tyubu ikanikata ngozi. Na yeye, pale pale, akaacha. Akashusha pumzi. Akafumba macho.

Nilijua yuko wapi. Yuko jikoni kwetu, Rose anasukuma chapati. Vidole vyake vikatulia, vikarudisha pini kidogo, vikatafuta kiungo, vikaunganisha, taratibu, huku wanawake wawili zaidi wanampita na yeye hata hawaoni. Akafumbua macho, akapanda, akapiga pedeli mara moja, cheni ikaruka. Alikuwa amesahau kukilegeza kile kiungo. Nyuma ya mgongo wangu vidole gumba vilikuwa vinakunja hewa, kushoto na kulia, kushoto na kulia. Akashuka tena, akakikunja. Alipoondoka hakututazama. Watu wetu waliimba mpaka alipopotea kwenye miti, na Kamau alikuwa anajifuta macho kwa bega kwa sababu hajaruhusiwa kutumia mkono.

Mzunguko wa nne alipita akiwa wa kumi na mbili. Mzunguko wa mwisho alipita akiwa wa kumi na moja, mdomo wazi, anamwona wa kumi mbele yake. Kutoka pale tulipokuwa mwisho wa mbio haukuonekana. Tulimwona Walt tu, mdogo sana kule bondeni. Tukangoja. Kisha Walt akainua mikono yote miwili juu, vidole vyote wazi.

"Hiyo ni kumi," Kamau akasema, "ama anatuambia bye?"

Ilikuwa kumi. Nilicheka, nikalia, na sikuweza kujifuta.

Sherehe ilianza bila kuningoja. Lile fundo la Mama Zawadi lilikuwa limekaza kwa jinsi nilivyolivuta, na hata yeye mwenyewe hakuliweza. Kamau alipotoa kisu, Mama Zawadi alikikataa, alisema hawezi kukata karibu na mishipa ya mtu aliyekunywa chai yake. Rose akawa ananilisha sambusa kama mtoto, watu wanacheka, mimi natafuna. Ndipo akaja mwamuzi, mzee mrefu mwenye kofia ya majani, na nyuma yake meneja wa timu ya yule aliyeshika nafasi ya kumi na moja. Walikuwa wamesikia kwamba kundi la watu lilimzunguka mwendeshaji wetu na kumtengenezea cheni.

Sambusa ikanikaukia mdomoni. Neno la meneja yule dhidi ya letu, na sisi ndio tuliokuwa na sababu ya kudanganya.

Mwamuzi hakubishana na mtu. Alisema aliyeshika cheni ya tope leo lazima ana alama, na akaomba kuona mikono. Watu wetu wakainyoosha mbele, mmoja mmoja. Akaikagua yote, kwa mbele na kwa nyuma. Iling'aa mafuta ya sambusa, lakini mweusi haukuwepo hata mmoja. Mama Zawadi akamsukumia sufuria. Akakataa, kisha akachukua moja.

"Na huyu?" akauliza, akinitazama mimi. "Fundi wao?"

Mikono ya fundi ni myeusi siku zote. Nilikuwa nimeshika cheni tatu asubuhi ile kabla ya filimbi. Niligeuka nikampa mgongo.

Mwamuzi akalishika lile fundo, akalivuta, akajaribu upande wa pili, akaweka sambusa mdomoni ili atumie mikono yote miwili. Halikusogea. Mwishowe nikasikia kicheko, kicheko cha tumboni hasa, na akamwambia yule meneja kwamba ikiwa huyu bwana ametengeneza cheni kwa hali hii, basi apewe yeye zawadi. Matokeo yakabaki kama yalivyokuwa.

Denise alitufikia baadaye, anatembea kwa shida, baiskeli mkononi. Walt alikuwa amekwisha mwambia kila kitu. Alisimama nyuma yangu. Sikumwona, nilisikia tu pumzi zake, na vidole vyake kwenye vifundo vya mikono yangu, bado vina tope. Rose ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba hakulitazama lile fundo hata kidogo. Alifumba macho. Akalipapasa, akapata mahali pake, akalisukuma taratibu, na tyubu ikaanguka kwenye majani.

"Sasa unaweza kunisaidia," akaniambia, na akanikabidhi baiskeli nikaioshe.

Kwa hiyo, Keza, nikisimama namna ile usidhani sijali. Unapolaani ile tairi kwa Kiingereza, mimi huku nyuma vidole vyangu vinaivua pamoja na wewe. Siku utakapokuwa msituni na kitu kimevunjika, sitakuwepo, wala mama yako hatakuwepo, na hata sheria ikiruhusu hatutafika kwa wakati. Utakuwa na mikono yako. Jumamosi njoo na taulo la sahani.